Viza ya matembezi kwa mzazi mzee: hatua kwa hatua kwa mtoto anayemwandalia

Maswali ni yale yale. Mama ana miaka 71 na hajawahi kupanda ndege, nianzie wapi? Barua ya mwaliko inatosha? Mbona baba kanyimwa na mshahara wangu ni mzuri? Mwongozo huu unasema na wewe uliye nje, kwa kuwa mara nyingi fomu utaijaza wewe, ingawa mwombaji ni mzazi na saini ni yake. Unahusu viza ya matembezi ya muda mfupi, si ya kuhamia.

Ofisa anayeshika faili la mzazi wako anatafuta majibu ya maswali mawili. Huyu mzee atarudi kwao? Na gharama zake analipa nani? Mshahara wako unajibu la pili peke yake. Mafaili mengi ya wazazi hukwama kwenye la kwanza, kwa sababu watoto humalizia nguvu zao zote kwenye la pili.

Vya kuwa navyo kabla ya kugusa fomu

- Pasipoti ya mzazi. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, hutaka iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe halali angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka, na iwe na kurasa 2 tupu. Ikiwa imebakiza chini ya mwaka mmoja, ibadilishe kwanza. Za zamani zenye viza na mihuri usizitupe, ni ushahidi kwamba aliwahi kusafiri akarudi.
- Cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mzazi huyo.
- Taarifa za benki za miezi 6: zake, na zako pia kama unalipa wewe.
- Hati zako: pasipoti au kibali cha ukaazi, barua ya mwajiri, hati za mshahara za miezi 3, mkataba wa pango au hati ya nyumba.
- Vielelezo vya yanayomrudisha nyumbani. Tutavirudia, ndiyo sehemu ngumu.
- Karatasi moja ya tarehe: ndoa, kuzaliwa kwa watoto wake wote, vifo vya wazazi wake, kazi alizofanya, safari zote za nje, na mara zote alizonyimwa viza. Kaa naye kwa simu, uiandike taratibu. Ukiruka hapa utajikuta unabuni tarehe katikati ya fomu, na tarehe ya kubuni ndiyo itakayogongana na ya mwaka ujao.
- Anwani ya baruapepe ambayo mmoja wenu anaifungua kila siku. Wito wa alama za vidole na ombi la nyongeza ya hati huja huko, na huja na tarehe ya mwisho.

Hatua ya 1: Chagua viza sahihi

Uingereza hutoa viza ya kawaida ya matembezi, na mgeni hukaa hadi miezi 6. Hata ukilipia ile ya miaka 2, 5 au 10, kila safari haizidi miezi 6. Viza ya Schengen huruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, na maombi hupelekwa kwa nchi atakayokaa muda mrefu zaidi, si ile ambayo ndege itatua kwanza. Kama wewe ni raia wa nchi moja ya Umoja wa Ulaya unayeishi katika nchi nyingine ya Umoja huo, na mzazi anakutegemea kwa matumizi, taja hilo: ana njia yake ya kisheria, na viza hiyo hailipiwi ada.

Kanada kuna njia mbili. Viza ya kawaida kwa kawaida humpa miezi 6. Ile iitwayo super visa ni kwa wazazi, mababu na mabibi wa raia au wakaazi wa kudumu wa Kanada, na humruhusu kukaa hadi miaka 5 kwa kuingia mara moja. Masharti yake ni mazito: kipato chako kifikie kiwango kilichowekwa kulingana na ukubwa wa familia, mzazi apimwe afya, na awe na bima ya matibabu ya mwaka mzima yenye kinga isiyopungua dola 100,000 za Kanada. Kwa ziara ya wiki sita usihangaike nayo.

Marekani ni B-2, na fomu yake ni DS-160. Kabla ya kulipa, angalia kama uraia wa mzazi umo katika orodha ya nchi ambazo viza za matembezi zimesimamishwa, au ambazo raia wake huweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Orodha hizo zimekuwa zikibadilika tangu katikati ya 2025, na ada ikishalipwa hairudi.

Hatua ya 2: Panga tarehe na sababu ya ziara

“Kuja kunisalimia” ni sababu halali lakini haina mwisho. Ipe mwanzo na mwisho: mahafali ya tarehe fulani, mjukuu kuzaliwa, likizo yako ya wiki tatu. Omba muda unaolingana na sababu hiyo. Mzee anayeomba wiki tano kwa ajili ya harusi anaeleweka. Anayeomba miezi sita kamili “kwa kuwa inaruhusiwa” anajiletea maswali, hasa ikiwa hajawahi kutoka nchini kwao.

Onyo kuhusu wajukuu. Bibi kukaa na binti yake aliyejifungua ni ziara ya familia, hakuna tatizo. Ukiandika kwamba anakuja kulea watoto wakati ninyi mko kazini, ofisa ataona yaya asiyelipwa, na viza ya matembezi hairuhusu kazi. Ikiwa ndiyo mpango wenyewe, dawa si kuuandika kwa maneno matamu, ni kubadilisha mpango.

Muda wa kuomba: Schengen hupokea maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na uamuzi ni siku 15 zinazoweza kufika 45. Uingereza ni ndani ya miezi 3 kabla ya safari, na kwa kawaida hujibu ndani ya wiki 3 baada ya alama za vidole. Marekani foleni ya mahojiano hutofautiana mno kati ya ubalozi na ubalozi, kwa hiyo angalia foleni kwanza ndipo upange tarehe.

Hatua ya 3: Sawazisha majina na tarehe za kuzaliwa

Kizazi cha wazazi wetu kina majina mengi: la ubatizo au la kidini, la ukoo, la mume, na lile lililoandikwa kimakosa na karani miaka ya sitini. Chukua pasipoti yake, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na hati ya nyumba, uvipange mezani. Kama mama ni jina moja kwenye pasipoti na lingine kwenye cheti chako, undugu wenu haujathibitika. Tengeneza hati ya kiapo inayotaja majina yote mawili kuwa ni ya mtu mmoja, na kwenye fomu jaza majina mengine pale yanapoulizwa.

Tarehe ya kuzaliwa fuata pasipoti hata kama familia nzima inajua kwamba 1 Januari iliwekwa kwa kukisia. Ikiwa ni kosa la kweli, rekebisha pasipoti kwanza. Usirekebishe kwenye fomu.

Hatua ya 4: Jazeni fomu pamoja

Ingia kwenye tovuti rasmi ya serikali ya nchi husika. Kuna tovuti nyingi za mawakala zenye sura ya kiserikali, zinazotoza mara mbili kwa kazi ya kunakili majibu yako.

Msomee mzazi kila swali kwa lugha anayoielewa, naye ajibu. Ukimjazia kimya kimya utaandika unavyodhani wewe, na siku ya mahojiano atajibu anavyojua yeye. DS-160 hujifunga ukiiacha dakika 20 bila kugusa, hivyo hifadhi mara kwa mara na unakili namba ya ombi mwanzoni kabisa. Panapoulizwa kama kuna aliyesaidia kujaza, sema ndiyo na ujitaje.

Maswali yanayowaangusha wazee ni haya:

- *Umewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote?* Hata ya miaka 15 iliyopita. Andika.
- *Una ndugu katika nchi unayokwenda?* Taja wote. Kumficha kaka yako aliyezidisha muda hakumsaidii mtu, maana jina lake limo kwenye kumbukumbu zao.
- *Kuna mtu aliyewahi kukuombea viza ya uhamiaji?* Kwa Marekani, kama ulishamwombea mzazi ukaazi wa kudumu, jibu ni ndiyo. Watoto wengi hujibu hapana kwa hofu. Hiyo “ndiyo” inaweza kuipa B-2 ugumu, lakini “hapana” ya uongo inaweza kumfungia mzazi mlango maisha yake yote.

Uongo unaogundulika humgharimu miaka 5 Kanada na hadi miaka 10 Uingereza. Kunyimwa kwa kawaida huisha kwa kuomba tena. Kwa uongo hakuna njia fupi hiyo.

Hatua ya 5: Barua ya mwaliko

Ukurasa mmoja. Majina kamili na tarehe za kuzaliwa za nyote wawili, undugu wenu, hadhi yako ya ukaazi, kazi yako, anwani atakayofikia, tarehe ya kufika na ya kuondoka, sababu, na nani analipa nini: nauli, malazi, chakula, bima. Weka saini na tarehe. Usiweke mahubiri kuhusu upendo wa mzazi, na usiahidi “nitahakikisha anarudi”. Ahadi yako haimfungi yeye.

Uzito wa barua hutofautiana. Kanada huisoma kwa makini. Marekani haitaki barua ya mwaliko wala hati ya udhamini kwa B-2, humpima mwombaji mwenyewe. Baadhi ya nchi za Schengen hazitambui barua ya kawaida: Ufaransa hutaka attestation d'accueil, yaani hati ya kumpokea mgeni, inayotolewa na ofisi ya meya wa unakoishi, na Ujerumani, pale mwenyeji anapobeba gharama, hutumia Verpflichtungserklärung, yaani tamko la kubeba gharama, unayosaini mbele ya ofisi ya wageni. Hati hizo huchukua miadi na wiki kadhaa, zianze mapema kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 6: Fedha

Kosa kubwa: kumtumia mzazi kiasi kikubwa wiki mbili kabla ya kuomba ili akaunti “ipendeze”. Akaunti iliyokuwa inaingia kidogo kidogo miezi mitano, ghafla ikafura, husomeka kama pesa za kuazima. Ni bora akaunti ndogo ya kweli, pamoja na barua yako inayosema unalipa na taarifa zako za benki. Kama kweli ameuza kiwanja au amepokea kiinua mgongo, ambatanisha mkataba wa mauzo au barua ya malipo.

Kama umekuwa ukimtumia matumizi kila mwezi, onyesha kumbukumbu. Lakini fahamu panga hilo lina makali mawili: linathibitisha undugu na uwezo wako, na papo hapo linaonyesha mzazi asiye na kipato chake. Likitumika, lazima Hatua ya 7 iwe imara.

Hatua ya 7: Yanayomrudisha nyumbani

Kijana huonyesha kazi. Mzee aliyestaafu ataonyesha nini? Zaidi ya watu wanavyodhani:

- Pensheni: barua ya mfuko na maingizo yake benki.
- Nyumba au ardhi kwa jina lake, na mikataba ya wapangaji kama wapo.
- Biashara, kilimo au mifugo, pamoja na leseni, risiti au barua ya chama cha ushirika.
- Mwenzi anayebaki. Hiki ni kielelezo kizito: cheti cha ndoa, na barua ya mwenzi ikisema anabaki na kwa nini.
- Watoto na wajukuu walio nyumbani, hasa anaoishi nao.
- Wadhifa: mzee wa kanisa, mjumbe wa kamati ya msikiti, mweka hazina wa kikundi. Barua ya kiongozi yenye namba ya simu inayopokelewa.

Usibandike kila karatasi iliyomo kabatini. Chagua tano sita zenye nguvu, ziwe na tafsiri zikihitajika. Kwa Uingereza tafsiri lazima iwe na kauli kwamba ni sahihi, tarehe, jina kamili na saini ya mtafsiri, na mawasiliano yake.

Mgumu zaidi ni mjane ambaye watoto wake wote wako nje. Hapo usijidanganye. Omba safari fupi, wiki tatu au nne, onyesha nyumba na pensheni, eleza nani anamwangalizia mali, na mwache arudi kabla ya muda kwisha. Ziara ya pili itaombwa kwa mgongo wa hiyo. Vivyo hivyo kwa wazazi wawili: kama faili ni dhaifu, aje mmoja kwanza. Wakija wote mara moja, kielelezo cha mwenzi anayebaki kinapotea.

Hatua ya 8: Bima na afya

Schengen hulazimisha bima yenye kinga ya angalau euro 30,000, ikiwemo kurejeshwa nyumbani, kwa siku zote za ukaaji. Uingereza na Marekani hazilazimishi kwa mgeni, lakini usithubutu kumleta mzee bila bima: usiku mmoja wa hospitali unaweza kumeza akiba yako ya mwaka. Soma vipengele viwili tu kwa makini, kikomo cha umri na maradhi aliyokuwa nayo kabla. Shinikizo la damu na kisukari vitajwe. Vikifichwa, kampuni hukataa kulipa siku ya shida.

Hatua ya 9: Ada, miadi, alama za vidole

Ada ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Kanada ni dola 100 za huko pamoja na 85 za alama za vidole. Mwenye zaidi ya miaka 79 hatakiwi alama kwa Kanada, kwa hiyo usimlipie. Uingereza haina msamaha wa namna hiyo, hata mwenye miaka 90 hufika kituoni. Kwa Marekani msamaha wa mahojiano kwa waliozidi miaka 79 uliondolewa kwa ujumla kuanzia 2 Septemba 2025.

Tiketi usinunue. Ratiba au nafasi iliyoshikwa bila kulipwa inatosha mpaka viza itoke.

Mikono iliyofanya kazi miaka mingi husumbua mashine. Apake mafuta au losheni usiku kwa wiki moja kabla, siku yenyewe aoshe na kukausha mikono, asiwe na hina mpya wala kidonda. Picha ya Marekani ni sentimita 5 kwa 5, bila miwani.

Hatua ya 10: Mahojiano

Mahojiano ya Marekani mara nyingi huisha ndani ya dakika chache, na mara nyingi wewe hutakuwapo. Asikariri hotuba. Ajue kwa moyo: anakwenda kwa nani, mji gani, siku ngapi, nani analipa, wewe unafanya kazi gani, nani anabaki nyumbani. Ajibu alichoulizwa, kwa ufupi. Kama Kiingereza kinampiga chenga, aombe lugha anayoimudu wakati wa kuweka miadi au dirishani. Asiyesikia vizuri avae kifaa chake na aseme mapema, kwa kuwa kimya chake kitasomeka kama kusita.

Swali linalowanasa ni hili: “Ungependa kuishi huko?” Mzee mwenye adabu hujibu “Mungu akipenda”. Kwake ni heshima tu, kwa ofisa ni nia ya kuhamia. Mweleze mapema aseme lililo kweli: naenda kutembea, narudi kwangu.

Hatua ya 11: Viza ikitoka

Kagua jina, tarehe na idadi ya kuingia papo hapo. Tofautisha muda wa viza na muda wa kukaa. Viza ya Marekani ya miaka 10 haimpi miaka 10 ya kukaa, kwani siku zake zimo kwenye rekodi ya I-94 anayopewa akiingia.

Chagua ndege isiyopita nchi itakayomdai viza nyingine. Marekani na Kanada mara nyingi hudai hata kwa anayebadilisha ndege tu. Kiti cha magurudumu kiombwe saa 48 kabla. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake, na barua ya daktari. Mkoba huo huo uwe na nakala ya mwaliko, tiketi ya kurudi, bima, na karatasi yenye anwani na simu yako kwa maandishi makubwa. Ofisa wa mpakani anaweza kuuliza upya yote aliyoulizwa ubalozini.

Mambo yakienda kombo

*Amenyimwa.* Soma sababu kabla ya kulia na mtu. Schengen hutoa sababu kwa maandishi na kuna haki ya kukata rufaa kwa utaratibu wa nchi husika. Uingereza kwa kawaida hakuna rufaa kwa mgeni, unaomba upya. Marekani kifungu cha 214(b) maana yake hakumshawishi ofisa kwamba atarudi. Anaweza kuomba tena, ila kwa faili lile lile atapata jibu lile lile. Kanada unaweza kuomba kumbukumbu za ofisa, nazo husema wazi kuliko barua. Kwa uamuzi uliotolewa nje ya Kanada, siku za kufika Mahakama ya Shirikisho ni 60.

*Mmegundua kosa baada ya kutuma.* Liandikieni kituo au ubalozi kabla ya uamuzi. Kwa DS-160, jaza mpya na upeleke ukurasa mpya wa uthibitisho, kisha uunganishe na miadi.

*Alama za vidole zimeshindikana.* Arudie siku nyingine. Ikiwa haiwezekani kabisa kwa ulemavu au ugonjwa, barua ya daktari iende pamoja na ombi.

*Ameugua akiwa huko na hawezi kupanda ndege.* Ombeni nyongeza kabla siku hazijaisha, mkiwa na barua ya hospitali yenye tarehe inayokadiriwa ya kupona. Msisubiri siku ya mwisho. Schengen sasa ina mfumo wa EES, ulioanza 12 Oktoba 2025, unaohesabu siku kwa kompyuta, na siku moja ya ziada huonekana.

*Amezoea, anataka kubaki kidogo zaidi.* Hesabu siku kwanza. Kama zipo, badilisha tiketi na utunze ushahidi wa siku aliyotoka. Kama hazipo, arudi kwa tarehe yake, na kadi ya kupandia ndege ihifadhiwe kwa faili la safari ijayo.